Mthoni Hashikwi Kola

Kisumu, Jumapili asubuhi

Kwa ndugu yangu mkubwa Kimanzi, nyumbani Mbumbuni,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu zako, wewe na mke wako na watoto, na kwamba mama bado anaamka mwenyewe kwenda kuziangalia kunde zake. Nauliza hali ya mguu wake wa kushoto. Nauliza kama mvua iligusa shamba la chini au ilipita juu juu kama ilivyozoea. Nauliza haya kwa dhati, na ukinijibu nitafurahi. Lakini sikuulizi hali ya mbuzi, kwa sababu hali ya mbuzi sasa naijua kuliko unavyodhani.

Mimi ni mzima isipokuwa bega la kulia, ambalo siwezi kuliinua kufikia ubao. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wamemwona mwalimu wao wa historia akiandika chini chini kama mtoto wa nasari, wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Bega hili liliumia Jumamosi ya juzi katika mtihani wa mkanda mweusi wa judo. Aliyeniangusha ni Nzioka wa Kikima. Aliyeniumiza ni wewe.

Najua umeshaanza kusema, "Mutinda na maneno yake tena." Ndivyo ulivyosema nilipoliandikia gazeti kuhusu bei ya pamba, na nilipomwambia mhubiri wenu mbele ya watu kwamba amesoma mstari mmoja akauruka unaofuata. Safari hii hakuna pamba wala mhubiri. Jambo lenyewe ni hili: ndoa ya mwanangu Mwanzia na Ndanu, binti wa Nzioka, iko karibu kuvunjika, na ikivunjika itakuwa imevunjwa na mdomo wako. Basi soma mpaka mwisho.

Hujawahi kuniuliza kwa nini mtu wa umri wangu, mwenye mvi na miwani, anajifunza kupigana mahali patatu kwa wakati mmoja. Mama aliuliza. Nilipomwambia naenda judo, ulimi wake uliigeuza ikawa njundo, na Jumapili iliyofuata akawaambia akina mama wa kanisani kwamba mwanawe anasomea kazi ya nyundo huko Kisumu. Nilipofika likizo nilikuta mabati na misumari vikinisubiri. Nilipanda juu ya paa la jikoni nikapigilia. Ningemweleza nini?

Wewe nitakueleza, kwa sababu bila hilo hutaelewa kosa lako. Jumatatu na Alhamisi naenda ndondi, katika ukumbi ulio karibu na soko. Kocha wetu ni mzee aliyekuwa bondia wa jeshi, pua yake imelala upande. Jumanne ni karate, ndani ya darasa la shule ya msingi, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Jumamosi ni judo, katika ghala la zamani la pamba, juu ya magunia yaliyojazwa vumbi la mbao na kufunikwa turubai. Mwalimu wa judo anaitwa Okech, sajini mstaafu wa polisi, mtu mnene anayeanguka kimya kama paka.

Kila mmoja wa walimu hawa anataka niwaache wenzake. Kocha wa ndondi huniambia, "Mwalimu, hiyo karate itakuua. Unasimama wima kama mlingoti wa bendera." Wa karate huniambia ndondi imenifundisha kuinama, na siku moja nitainama nikutane na goti. Na kweli nilikutana nalo. Nilikwepa ngumi kama bondia, nikashusha kichwa, goti la kijana mmoja fundi wa baiskeli likanipokea mdomoni. Nilipokuwa natema damu niliwasikia wote wawili ndani ya kichwa changu: "Si nilikwambia?"

Sikumwacha hata mmoja. Unanijua. Mtu akiniambia ukweli wote uko kwake peke yake, hapo ndipo naanza kuutafuta uliobaki. Nimewakatalia hilo wanasiasa, nimewakatalia wazee wa kanisa, sembuse mtu aliyevaa filimbi shingoni. Na katika kuwachanganya niligundua jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeniambia: wote watatu wanafundisha umbali. Ndondi ni umbali wa mkono. Karate ni umbali wa mguu. Judo haina umbali kabisa. Unamshika mtu kola na mkono wa koti, kifua kwa kifua, unaisikia pumzi yake mpaka unajua alikula nini mchana. Mtu anayejua mmoja tu anajua kupigana mahali pamoja tu. Ukimtoa hapo, amekwisha. Nilidhani mimi siwezi kutolewa popote.

Aliyenipeleka judo ni Nzioka mwenyewe. Anafanya kazi ya reli hapa, kwenye yadi ya mabehewa. Nilimfahamu kwenye uwanja wa mpira: nilisikia mtu akimtukana refa kwa Kikamba, katikati ya Wajaluo elfu wanaopiga kelele, nikageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo tumeshikana kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka. Uzito mmoja, umri mmoja, ubishi mmoja.

"Profesa," huniambia akifunga mkanda, "leo nakulaza pamoja na vitabu vyako."

"Kwanza nishike, mtu wa reli. Treni yako huchelewa."

Sijawahi kuwa na rafiki kama huyo tangu tuondoke kwenye kijito cha nyumbani, mimi na wewe, tulipokuwa tukisukumana mchangani mpaka baba anatuita.

Likizo moja Mwanzia alikuja kunitembelea, na Ndanu alikuwa amekuja kwa baba yake. Walionana mlangoni mwa ghala, kila mmoja akimsubiri mzee wake avue koti lenye jasho. Sisi tulikuwa chini tumebanana shingo, hatukuona kitu. Walipotuambia, baada ya mwaka na zaidi, kwamba wanataka kuoana, mimi na Nzioka tuliketi juu ya magunia tukacheka, kisha tukanyamaza ghafla, maana sote tulikuwa tumefikiria jambo lile lile. Okech akauliza mbona tumekuwa kama watu waliofiwa.

Nikamweleza. Nilimwambia kwetu Ukambani baba wa kijana na baba wa msichana huwa athoni, wakwe. Mthoni wako humshiki, humsukumi, humletei mzaha wa mwili. Mkikutana kwenye njia nyembamba unasimama kando apite. Na kinachowafanya watu wawe athoni si mapenzi ya watoto, wala pete, wala cheti. Ni mbuzi watatu wa ntheo. Siku mbuzi hao wanapoingia boma la baba wa msichana, ndoa imeshika, na heshima inaanza hapo hapo. Kabla ya hapo hakuna kitu, hata kama watoto wamependana mpaka wamekonda.

"Kwa hivyo," Okech akasema, "nyinyi mkipata mkwe, mimi napoteza mchezo mzuri wa Jumamosi."

"Utamtafutia huyu mtu mwingine wa kumlaza," Nzioka akamjibu. "Si kazi ngumu."

"Na mbuzi wakichelewa?"

"Wakichelewa namwangusha mpaka wafike."

Tulicheka sana. Weka maneno hayo akilini.

Desemba nilikuja nyumbani, nikawachagua mbuzi mwenyewe pamoja na mama: beberu wa kahawia aliyevunjika pembe moja, na majike wawili, mmoja mwenye masikio meupe. Niliwaacha katika zizi lako. Wewe ndiye umekaa mahali pa baba, na mbuzi wa ntheo huongozwa na mkubwa wa nyumba. Ulinishika mkono mama akitazama. Ukasema, "Nenda ukafundishe watoto wa watu. Hii ni kazi yangu." Nilipanda basi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mwezi wa pili ukapiga simu shuleni. Karani aliniita kutoka darasani, nikaenda mbio na chaki mkononi. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Mutinda," ukasema, "mbuzi wamefika."

"Wote?"

"Wote. Walipokelewa vizuri. Watu wakala, wakafurahi, tukaomba."

Nikakushukuru. Nilikushukuru kwa sauti kubwa mpaka mwalimu mkuu akatoa kichwa ofisini kuona ni nani amekufa.

Kuanzia hapo nilianza kumheshimu Nzioka. Nilimwambia Okech anipange na mtu mwingine. Nzioka akiingia mlango huu mimi nilikwenda dirishani. Nilimsalimu kwa mbali, macho yakiwa chini, kama baba alivyomsalimu mthoni wake. Sikutaja mbuzi, maana baba wa kijana hamkumbushi mtu alichompelekea. Yeye naye hakuuliza, maana baba wa msichana akiuliza huonekana kama mtu anayeuza mtoto. Aliacha kuniita profesa. Niliona hilo likiniuma, nikajiambia ndiyo heshima, ndivyo inavyokuwa. Kumbe mwenzangu kila wiki alikuwa anamwona mtu anayemkimbia, na anajiuliza amemkosea nini.

Kisha ukaja mtihani. Refa aliletwa kutoka Nairobi, kijana wa maneno machache, akatupanga kwa uzito. Nilipoona nimepangwa na Nzioka nilimwendea Okech.

"Nipe mtu mwingine. Unajua sababu."

"Nimeshamwambia. Amesema hapa si harusini."

Basi nikasimama juu ya turubai mbele ya mthoni wangu, watu wamejaa mpaka madirishani, na nikatumia kila kitu nilichojifunza katika maisha yangu kumkwepa mtu mmoja. Nilitumia miguu ya ndondi, kushoto, kushoto, nje ya kona. Nilitumia umbali wa karate, nikasimama mahali ambapo mkono wake unafika nusu. Aliponyoosha mkono kutafuta kola yangu, niliuondoa kwa kiganja kilichofunguka, kwa adabu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Mikono yangu mwenyewe sikuinyoosha hata mara moja. Katika judo hilo ni kosa, asiyeshika anaonywa. Refa akatusimamisha, akaninyooshea kidole.

"Shika!"

Nikainamisha kichwa. Vijana dirishani wakapiga mbinja. "Mwalimu anaogopa! Mwalimu, shika mtu, si chaki!"

Akanionya tena. Na Nzioka akanipata. Alinikamata kola kwa mikono yote miwili, na nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi, niliona hasira ambayo haikuwa ya mchezo. Nilihisi nyonga yake ikiingia chini ya tumbo langu, dari ikageuka, bega likatangulia chini. Akanilalia kifuani, shingo yangu ikiwa ndani ya kwapa lake.

"Mthoni," nikamwambia kwa Kikamba, pumzi ikiniisha, "niachilie. Watu wanatazama."

"Nani mthoni wako?"

"Nzioka, tafadhali."

"Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Ndiyo nakuuliza mimi! Mbuzi gani? Miezi yote hii unapita kando yangu kama mtu aliyeiba. Kama kijana wako amebadilisha nia, si ungesema kama mwanamume? Mke wangu anafagia boma kila Jumamosi. Kila Jumamosi, Mutinda, anafagia, anapika, anakaa mlangoni."

Refa alikuwa anahesabu sekunde kwa sauti juu yetu. Ningeweza kugonga turubai kwa mkono, nikakubali kushindwa, nikaachiliwa. Sikugonga. Nilikuwa nasikiliza. Watu walidhani ni ushujaa, wakanipigia makofi. Kimanzi, nilikuwa nimelala chini ya mtu ambaye nilimheshimu kwa sababu ya mbuzi ambao hajawaona, na bega langu limetoka mahali pake, na watu wananipigia makofi.

Okech alilirudisha bega. Tuliketi nje ukutani, mimi na Nzioka, tukavunja desturi zote, tukaulizana. Nikamwambia uliyoniambia kwenye simu. Akatikisa kichwa.

"Kwangu hapajafika hata kwato."

Kisha akaniambia lililo zito zaidi. Kuna watu kutoka Kitui, wafanyabiashara wa mifugo, walioanza kuuliza habari za Ndanu. Wamekuja Kikima mara kadhaa, wamepokewa kwa chai. Msichana amekataa hata kuwasalimu, lakini mama yake amechoka kufagia, na ndugu za mama wanasema familia ya Mbumbuni inawachezea.

"Wana mbuzi wengi kuliko wewe ulivyo na maneno," Nzioka akaniambia. "Nimemzuia mke wangu mpaka sasa kwa sababu yako. Mwezi wa nane naenda likizo. Nikikuta zizi halina mbuzi wako, nitawasikiliza watu wa Kitui."

"Nitapiga simu leo hii nyumbani."

"Sitaki simu. Nataka kusikia mbuzi."

Sikukupigia wewe. Nilimpigia dada yetu Mumbua, dukani kwa mumewe huko Kibwezi, kwa sababu nilitaka kuzungumza na mtu atakayenijibu ninachouliza. Sikumshtua. Nilimwuliza tu kama amesikia habari za mbuzi wa Mwanzia.

"Mbuzi wa Mwanzia? Wale uliompa Kyalo?"

"Nilimpa nani?"

Nilisikia mteja akiagiza mafuta ya taa.

"Mutinda, usinitanie. Beberu wa pembe moja na majike wawili, mmoja masikio meupe. Waliletwa hapa kwa akina msichana wa Kyalo. Mimi mwenyewe nilipika. Kaka Kimanzi alisimama mbele ya watu wote akasema ndugu yake wa Kisumu amewatoa kwa moyo mmoja ili mtoto wa mkubwa atangulie. Watu walikupigia makofi."

"Na mama?"

"Mama alifuta macho. Alisema una moyo wa baba."

Ndivyo nilivyojua. Mbuzi waliotakiwa kupanda mlima mpaka Kikima waliteremka mpaka Kibwezi, wakamwoza mwanao, na mimi nikashangiliwa huko kwa ukarimu ambao hakuna mtu aliyeniomba. Katika mwaka mmoja nimepigiwa makofi kwa ajili yako pande mbili za nchi, mara moja nikiwa sipo na mara moja nikiwa nimelala chali.

Nilikaa nikaikumbuka simu yako neno kwa neno. Wamefika. Wote. Walipokelewa vizuri. Watu wakala. Tukaomba. Nimeyapima maneno hayo kama ninavyopima hotuba za wakubwa, na hakuna la uongo hata moja. Kinachokosekana ni mahali tu. Mimi ninayemkata mwanafunzi alama akiandika "vita vilianza" bila kusema vilianzia wapi, nilipokea kitenzi kitupu kutoka kwa ndugu yangu nikakishukuru. Mtu mwingine ningemkamata pale pale. Wewe ulinijua. Ulijua sitakuuliza "wapi," kwa sababu kumwuliza mkubwa wangu wapi ni kumwambia simwamini. Heshima yangu ndiyo uliyoishika ukanigeuza juu chini. Nzioka naye alinigeuza, lakini Nzioka alinishika kutoka mbele.

Usianze kutafuta majibu, nimeshakutafutia. Utasema ugonjwa ulimaliza mbuzi wako. Najua. Utasema msichana wa Kyalo tayari alikuwa na mimba na watu wao walikuwa wakali. Hilo pia Mumbua ameniambia. Lakini Kyalo ni mtoto wangu. Ungeniambia, "Mutinda, nimezidiwa," ningekujibu, "Wachukue," na ningemwendea Nzioka nimweleze, angenitukana mbele ya Okech, tukaendelea kushikana mpaka nipate wengine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bega. Ulininyang'anya nafasi ya kukupa. Ulikwenda mbele ya watu ukajifanya mimi, ukatoa kwa jina langu, ukanirudishia simu.

Utasema pia kwamba mbuzi ni mbuzi, wengine watazaliwa. Mwambie hivyo mama yake Ndanu akiwa ameshika ufagio. Na wewe uliyewahi kusimama kanisani ukasema ntheo ni mambo ya zamani yasiyo na maana kwa Mkristo, mbona ulipobanwa hukukimbilia cheti? Ulikimbilia zizi. Siku nyingine mkiwahutubia vijana, wewe na wazee wenzako, waambieni na hilo.

Wewe ni mkubwa wangu, na tangu tuwe watu wazima sijawahi kukunyooshea mkono wala sauti. Leo nakushika kola. Utafanya hivi. Utachagua mbuzi watatu, beberu na majike wawili. Sitaki kujua utawatoa wapi. Utawapeleka Kikima wewe mwenyewe, usimtume Kyalo, usimtume kijana yeyote, na utakwenda na mama, maana ni mama uliyemwambia kwamba nimekubali. Ukifika bomani kwa Nzioka, kabla hujaomba wala kukaa, utamwambia mke wake kwa nini amefagia bure miezi yote hiyo. Hutasema ni ugonjwa wa mbuzi, hutasema ni mvua. Utasema ni wewe. Na hayo yote yawe yamekwisha kabla ya Nzioka kushuka basi la likizo. Mimi siwezi kuja. Darasa langu lina mitihani, na hata ningekuja, mimi si mkubwa wa nyumba. Ningefika na mbuzi peke yangu wangeuliza kama sina watu.

Usipokwenda, sitakushtaki kwa ukoo na sitaandika gazetini. Nitamwita Mwanzia, nimweleze ni nani aliyempoteza Ndanu, nami nitakuwa nimesimama kando yake akikutazama. Basi.

Kuna jambo moja la mwisho, na nilikuwa sitaki kuliandika. Jana Jumamosi nilikwenda ghalani, bega likiwa limefungwa kitambaa, ili nitazame tu. Nzioka akanitupia koti.

"Vaa."

"Nina bega."

"Una lingine. Wewe si mthoni wangu. Mbuzi hawajafika."

Nikavaa. Nikamshika kola kwa mkono wa kushoto, na yeye akashika yangu kwa mkono mmoja tu ili tulingane, tukazunguka taratibu kama wazee wanaocheza ngoma. Ananuka grisi ya mabehewa na sabuni ya kipande. "Profesa," akaniambia, "umekuwa mzito." Okech alitutazama, akasema hao mbuzi wangetembea polepole kidogo ingekuwa vizuri. Sote tulicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali, kwa sababu sote watatu tunajua. Siku mbuzi watakapoingia boma lile nitamwachia kola, na sitaishika tena mpaka nife. Nitamsalimu kwa mbali, macho chini. Miezi ile niliyomkimbia bure ilikuwa ya kwake na yangu, na hairudi. Wewe ndiye uliyeila, pamoja na mbuzi.

Hata hivyo nataka wafike. Wangefika kesho ningefurahi.

Msalimu mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka mstari. Macho yake hayaoni maandishi lakini masikio yake yatajua ukiruka. Mwambie paa likivuja tena nitapanda, nyundo yangu bado naijua. Msalimu Kyalo na mke wake, uwaambie sina neno nao, na mtoto akizaliwa ni mjukuu wangu. Msalimu mke wako, shemeji yangu, ambaye naamini hukumwambia kitu. Msalimu shangazi yetu wa ng'ambo ya mto, yule aliyetulea mama alipougua, na yule binamu yetu fundi cherehani aliyenishonea koti la judo la merikani. Mwambie mshono wa kola haujafumuka.

Ukishawapeleka, nipigie simu shuleni. Karani ataniita, nami nitakuja mbio na chaki mkononi kama siku ile. Usiniambie wamefika. Niambie wamefika wapi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mpaka dakika hii bado anakuita mkubwa,

Mutinda